Swali la Sh500: Nani Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki?

Kabla hujaendelea kusoma, jibu swali hilo hapo juu. Jibu haraka, bila kuingia Google.

Kama umesema Kipchoge Keino, karibu kwenye chama. Mimi pia nilisema hivyo, tena kwa sauti kubwa, tena mbele ya watu. Ilikuwa Jumapili jioni hapa Nyansiongo, kwenye hoteli moja karibu na stage ambapo vijana hukutana kucheza mchezo wa maswali. Kila mtu anaweka hamsini mezani, anayejibu mengi anabeba zote. Siku hiyo tulikuwa watu kumi, kwa hivyo Sh500 zilikuwa zinaniangalia. Nilikuwa naongoza. Mji mkuu wa Burkina Faso? Ouagadougou. Ziwa lenye kina kirefu zaidi Afrika? Tanganyika. Halafu likaja swali la Olimpiki, nami nikajibu Keino kama mtu anayesoma jina lake mwenyewe kwenye kitambulisho.

Mzee mmoja aliyekuwa akinywa chai pembeni aliweka kikombe chini akatuangalia. Hata hakucheka. Alituuliza tu sisi ni watoto wa wapi. Tukamwambia ni wa hapa hapa. Akatikisa kichwa, akatuambia kwamba mgeni akikosa swali hilo anasamehewa, lakini mtoto wa Gusii hana udhuru, maana mtu huyo ni wetu.

Jina lake ni Naftali Temu. Sh500 zangu zilienda, na nikaenda nyumbani nikiwa na aibu ya kutosha kunifanya nimsome. Sasa kaa nikusimulie, usije ukaaibika kama mimi.

Mtoto wa mpakani

Kama umewahi kupanda gari kutoka Nairobi kwenda Kisii kupitia Narok na Bomet, umepita kwao hata kama ulikuwa umelala. Ukishapita Sotik unafika Chepilat, halafu Nyansiongo, halafu Keroka. Kote huko ni vilima na majani chai, na asubuhi baridi yake si ya mchezo. Temu alizaliwa upande wa Sotik tarehe 20 Aprili 1945. Weka hiyo tarehe kwenye ramani ya dunia uone: wiki hiyo ndiyo majeshi ya Urusi yalikuwa yanaingia Berlin kumaliza Vita Vikuu vya Pili. Kenya bado ilikuwa koloni la Uingereza, na mashamba makubwa ya ukanda huu yalikuwa mikononi mwa walowezi wazungu. Hata Borabu, ambako Nyansiongo ipo, ilikuwa sehemu ya mashamba hayo kabla ya kukatwakatwa na kugawiwa Waafrika wakati uhuru ulipofika.

Hapa kuna kitu ambacho vijana wengi hawajui. Leo ukitaja mbio, kila mtu anafikiria Eldoret, Iten na Kapsabet. Ni sawa, hao jamaa wameifanyia kazi sifa hiyo. Lakini Temu alipokuwa mtoto, jina lililokuwa likivuma kwenye mbio za masafa marefu nchini lilikuwa la Mkisii: Nyandika Maiyoro. Kenya ilipotuma timu kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza, Melbourne 1956, Maiyoro alikuwa ndani na akamaliza wa saba katika mita 5,000. Miaka minne baadaye, Roma 1960, akasogea hadi nafasi ya sita. Katikati hapo, mwaka wa 1958, Mkisii mwingine, Arere Anentia, alileta shaba ya maili sita kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Cardiff.

Kwa hivyo Temu hakutoka hewani. Alikulia mahali ambapo mtoto aliyekuwa akikimbia vizuri alikuwa na mtu wa kumuiga. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika.

Tokyo: nafasi ya 49

Temu alijiunga na jeshi. Enzi hizo riadha haikuwa na mawakala wala mikataba ya kampuni za viatu. Ukitaka muda wa mazoezi na chakula cha uhakika, jeshi, polisi au magereza ndiyo yalikuwa makao yako.

Mwaka wa 1964 Kenya ilikwenda Tokyo ikiwa nchi huru kwa mara ya kwanza, na Temu akapewa marathoni. Alikuwa na umri wa miaka 19 tu. Hebu fikiria: kijana wa miaka 19 anawekwa kwenye kilomita 42 dhidi ya watu wazima, miongoni mwao Abebe Bikila wa Ethiopia, yule aliyeshinda Roma bila viatu. Bikila alishinda tena. Temu alimaliza wa 49.

Nataka ukae na hiyo namba kidogo. Arobaini na tisa. Kenya nzima ilikuwa ikimshangilia Wilson Kiprugut, ambaye aliipatia nchi medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki, shaba ya mita 800. Wa 49 huwa hapokewi na umati. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, na najua namna watu wanavyoacha kukuuliza maswali baada ya hapo. Wanakuwa wameshafunga faili yako. Faili ya Temu ingeweza kufungwa pale Tokyo.

Haikufungwa.

Kingston: siku aliyomchoma mwenye rekodi

Miaka miwili baadaye, Agosti 1966, Temu akatokea Kingston, Jamaica, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mbio zake zilikuwa maili sita, yaani karibu kilomita 9.7. Mtu wa kuogopwa hapo alikuwa Ron Clarke wa Australia. Huyu Clarke si jina la kupitia haraka. Alikuwa mwenye rekodi ya dunia, na mwaka mmoja kabla yake alikuwa mwanadamu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 28, akitumia 27:39.4 kule Oslo. Watu walikuwa wanashindana nafasi ya pili, ya kwanza ilikuwa imeshaandikwa jina.

Temu alimwacha kwa zaidi ya sekunde 20. Si kwa kifua, si kwa hatua mbili. Sekunde ishirini na zaidi ni umbali ambao ukivuka mstari unaweza kugeuka, ukapumua, halafu ukamsubiri mwenzako. Alikuwa na miaka 21.

Swali la haraka hapa: je, hiyo ndiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Kenya kwenye Jumuiya ya Madola? Hapana. Hiyo ni ya Seraphino Antao, Mkenya wa Mombasa mwenye asili ya Goa, aliyeshinda yadi 100 na yadi 220 kule Perth mwaka wa 1962. Ndiyo, tulianza na mbio fupi. Ukiulizwa, usibabaike.

Mexico: siku ya kwanza ya riadha

Sasa tufike pale penyewe. Jiji la Mexico liko karibu mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Kwa lugha rahisi, ukivuta pumzi pale unapata karibu robo pungufu ya oksijeni ambayo mtu wa Mombasa anaipata bila kufikiri. Hewa nyepesi inawasaidia wanaokimbia mbio fupi na wanaoruka, kwa sababu haiwazuii sana. Ndiyo maana kwenye Olimpiki hiyo hiyo Bob Beamon wa Marekani aliruka mita 8.90 na kuishangaza dunia. Lakini kwa anayekimbia mizunguko 25, hewa hiyo ni mateso. Mapafu yanaomba kitu ambacho hakipo.

Halafu kuna watu waliozaliwa kwenye vilima vya Sotik, Nandi na Ethiopia, ambao damu yao ilishazoea hali hiyo tangu utotoni.

Tarehe 13 Oktoba 1968, siku ya kwanza ya mashindano ya riadha, wanaume wa mita 10,000 waliitwa uwanjani. Clarke alikuwepo. Keino alikuwepo. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwepo, na Mohammed Gammoudi wa Tunisia, aliyekuwa na fedha ya Tokyo. Temu alikuwa na miaka 23.

Mbio zilianza polepole, kila mmoja akimwogopa mwenzake na wote wakiiogopa hewa. Mizunguko ilipoendelea, watu walianza kuanguka mmoja mmoja kama matunda yaliyoiva. Keino, ambaye alikuwa akisumbuliwa na ugonjwa wa nyongo, alishindwa na maumivu kabla ya mwisho. Clarke, mwenye rekodi ya dunia, akaachwa nyuma. Alimaliza wa sita, akaanguka baada ya mstari, ikabidi apewe oksijeni. Mbele wakabaki Waafrika watatu: Temu, Wolde na Gammoudi.

Mzunguko wa mwisho Wolde akachomoka. Ukitazama hali ilivyokuwa, dhahabu ilikuwa inakwenda Addis Ababa. Lakini kwenye mita za mwisho kabisa, Temu akatafuta kitu ndani yake akakipata. Akamfikia Wolde, akampita, akavuka mstari kwa dakika 29, sekunde 27.4. Wolde alikuja zaidi kidogo ya nusu sekunde nyuma yake. Mita elfu kumi, na tofauti ni muda wa kupepesa macho mara moja au mbili.

Huo ulikuwa muda wa polepole zaidi kwa mshindi wa mbio hizo kwenye Olimpiki tangu 1948. Kuna watu hupenda kuleta jambo hilo kama kasoro. Waambie wapande Mexico wakakimbie, halafu warudi tuongee.

Na hapo ndipo historia ilipoandikwa. Kenya haikuwa hata imetimiza miaka mitano ya uhuru. Hakuna Mkenya aliyewahi kushinda dhahabu ya Olimpiki kabla ya jioni hiyo. Amos Biwott alishinda ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji siku tatu baadaye. Keino alishinda ya mita 1,500 tarehe 20 Oktoba, wiki moja nzima baada ya Temu. Kwa hivyo Keino ni wa tatu kwenye orodha. Wa tatu!

Wiki ya kilomita 60

Wengi wanafikiria Temu alimaliza kazi siku hiyo akaenda kulala. Sikiliza. Alirudi kwenye mita 5,000, akakimbia mchujo, kisha tarehe 17 akakimbia fainali. Gammoudi akachukua dhahabu, Keino fedha, Temu shaba. Watatu hao walitenganishwa na chini ya sekunde mbili. Halafu tarehe 20 akaingia kwenye marathoni, akamaliza wa 19.

Piga hesabu: kilomita 10, kilomita 5, kilomita 5 tena, na kilomita 42. Ni zaidi ya kilomita 60 za mashindano ndani ya siku nane, kwenye hewa ile. Siku hizi mwanariadha akikimbia mara mbili kwa wiki, menejimenti inalalamika.

Na marathoni hiyo, unajua nani alishinda? Mamo Wolde. Yule aliyekosa kwa nusu sekunde siku ya kwanza alipata yake siku ya mwisho. Michezo ina namna yake ya kulipa madeni.

Kenya ilirudi nyumbani na medali tisa: dhahabu tatu, fedha nne na shaba mbili. Mbili kati ya hizo tisa zilikuwa za Temu.

Basi mbona hatumjui?

Hili ndilo swali lililonisumbua zaidi. Nadhani kuna sababu kadhaa.

Kwanza, Mexico 1968 ilijaa mambo. Tommie Smith na John Carlos walinyoosha ngumi zao jukwaani kupinga ubaguzi, Beamon akaruka vile. Picha hizo zikameza nyingine.

Pili, Keino aliendelea. Alishinda dhahabu nyingine Munich 1972, akaishi miaka mingi akilea watoto yatima na kuongoza michezo nchini. Anastahili kila sifa anayopewa. Temu hakupata tena medali ya Olimpiki baada ya Mexico. Mtu akiondoka uwanjani mapema, jina lake huondoka naye isipokuwa kuna anayelishikilia.

Tatu, pesa haikuwepo. Zama hizo Olimpiki ilikuwa ya wanamichezo wa ridhaa, na mtu aliyelipwa kwa kukimbia angeweza kufungiwa. Hakuna nyumba iliyojengwa kwa medali. Zawadi kubwa aliyoipata Temu ilikuwa ardhi: Rais Jomo Kenyatta alimpa shamba la hekta 24 huku North Mugirango. Kwa hivyo shujaa wa Mexico akarudi kuwa mkulima kama majirani zake, na mkulima haandikwi gazetini.

Naftali Temu alifariki tarehe 10 Machi 2003 katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, akiwa na umri wa miaka 57. Kilichomuua ni saratani ya tezi dume. Wolde alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Watu wawili waliotenganishwa na nusu sekunde Mexico waliondoka duniani wakifuatana hivyo hivyo, chini ya mwaka mmoja.

Hapa naomba nitoke kwenye michezo kidogo. Miaka 57 si uzee. Pengine baba yako, mjomba wako au baba mkubwa yuko kwenye umri huo sasa hivi. Saratani hii ikigunduliwa mapema hutibika, lakini huwa kimya mwanzoni, na wazee wetu ni kimya zaidi yake. Mwanamume akishavuka miaka 40 anafaa kuzungumza na daktari kuhusu kupimwa, hasa kama kuna aliyeugua kwenye ukoo. Mwanamume aliyemshinda mwenye rekodi ya dunia hakuweza kuushinda ugonjwa huu. Mpigie mzee simu. Mada ni ngumu, najua. Anza na Temu, atakusikiliza.

Swali ambalo halijapata jibu

Nimekuwekea jambo moja la mwisho, na hili ndilo la kuwanyamazisha watu mezani. Tangu siku ile ya Oktoba 1968, ni wanaume wangapi Wakenya wameshinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 10,000?

Sifuri.

Rudia kuhesabu ukitaka. Wafini wamechukua, Waethiopia wamechukua, Wamoroko wamechukua, Mo Farah wa Uingereza amechukua mara mbili, na Paris 2024 akachukua jirani yetu Joshua Cheptegei wa Uganda. Paul Tergat alikwenda Atlanta na Sydney, mara zote mbili akarudi na fedha. Kwa wanawake, Beatrice Chebet alivunja mwiko huo huko Paris akaleta dhahabu. Lakini kwa wanaume, Temu ni wa kwanza na bado ni wa pekee. Mkisii aliyezaliwa upande wa Sotik bado ameketi peke yake kwenye kiti hicho, na sisi tuliokulia karibu na kwao hatulijui jina lake.

Ukitaka ya kuongezea kwenye mchezo wa Jumapili, beba hizi:

Mtu wa kwanza duniani kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27? Yobes Ondieki, wa kutoka Kisii, Oslo, tarehe 10 Julai 1993, dakika 26:58.38.

Timu ya Kenya iliyoshinda dhahabu ya mita 400 kwa wanne kupokezana vijiti Munich 1972? Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang. Watatu wa kwanza ni wa Gusii.

Mwanamke wa kwanza Mkenya kushinda dhahabu ya Olimpiki? Pamela Jelimo, mita 800, Beijing 2008.

Mkenya pekee mwenye dhahabu ya ndondi? Robert Wangila, Seoul 1988.

Mimi nilirudi kwenye ile hoteli Jumapili iliyofuata. Mzee alikuwa pale pale na chai yake. Nikamwambia nimesoma, nikampa tarehe, muda, hata nafasi ya 49 ya Tokyo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimewaambia wenzangu au nimejiwekea mwenyewe ili nishinde pesa.

Ndiyo maana umesoma haya. Safari ijayo ukiwa kwenye basi la usiku na likapita Sotik, funua pazia uangalie nje kidogo. Na aliyeketi karibu nawe muulize lile swali. Akisema Keino, unajua la kumwambia.